Wales: Pesa za bahati nasibu zafufua historia ya Weusi, na ya vijana wawili wa Congo

Katika makaburi ya Old Colwyn, kwenye pwani ya kaskazini ya Wales huko Uingereza, wamezikwa vijana wawili waliozaliwa karibu na mto Congo. Mmoja aliitwa Kinkassa, mwingine Nkanza. Walifika huko mwaka 1885, mwaka ule ule ambao mataifa makubwa ya Ulaya yalimtambua Mfalme Leopold II wa Ubeleji kuwa bwana wa Congo. Kinkassa alifariki mwaka 1888, Nkanza mwaka 1892. Hakuna hata mmoja aliyerudi kwao.

Kwa miaka mingi wakaaji wengi wa eneo hilo walipita kando ya makaburi hayo bila kujua ni ya nani. Kama leo habari zao zinasimuliwa, ni kwa sababu ya watafiti wachache waliokataa zisahaulike, na pia kwa sababu ya pesa ndogo ambazo mifuko ya jamii inatoa kwa vikundi vya wananchi ili watafute, waandike na kufundisha historia ya watu Weusi.

Wales, moja ya nchi nne zinazounda Uingereza, imekwenda mbali katika jambo hili kuliko majirani wake. Tangu Septemba 2022 historia ya Weusi si tena somo la hiari katika shule zake. Lakini nyuma ya sheria hiyo kuna miaka mingi ya miradi midogo, baadhi yake ikiongozwa na Wakongomani, na kuna swali ambalo bado halijajibiwa: kumbukumbu ya watu inaweza kuishi kwa pesa za mradi wa mwaka mmoja au miwili?

Nyumba ya Congo huko Colwyn Bay

William Hughes alikuwa mchungaji Mbaptisti kutoka Wales. Mwaka 1882 alitumwa Congo ya chini kama wamisionere wengine wa wakati huo, na kama wengi wao aliugua. Miaka mitatu baadaye alirudi nyumbani akiwa mgonjwa, akifuatana na Kinkassa na Nkanza. Alizunguka nao katika makanisa ya Wales, vijana hao wakiimba nyimbo za ibada mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona mtu Mweusi.

Katika safari hizo Hughes alikuwa na wazo. Aliona kwamba wamisionere Wazungu walikuwa wakifa haraka katika nchi za joto. Kwa nini basi wasifundishwe Waafrika wenyewe, wajifunze ufundi pamoja na neno la Mungu, halafu warudi kuwafundisha ndugu zao? Mwaka 1889 wazo hilo likawa chuo katika mji wa Colwyn Bay. Kilianza kwa jina la Congo, baadaye kikaitwa Chuo cha Kiafrika, lakini wenyeji waliendelea kusema tu: Nyumba ya Congo.

Hadi kilipofungwa, chuo hicho kilipokea karibu wanafunzi 90 kutoka Congo, nchi za Afrika ya Magharibi, Afrika Kusini na hata kutoka watu wenye asili ya Afrika waliokuwa Marekani na visiwa vya Karibea. Walijifunza useremala, ushonaji, uchapaji na kazi nyingine kwa mafundi wa mji. Mmoja wao, Davidson Don Tengo Jabavu wa Afrika Kusini, alikuja kuwa mwalimu wa kwanza Mweusi katika chuo cha Fort Hare, mahali ambapo baadaye walisoma viongozi wengi wa Afrika.

Katika orodha ya wafadhili wa heshima wa chuo kulikuwa na majina mawili ambayo kila mwanafunzi wa Congo anayajua: Mfalme Leopold II na Henry Morton Stanley. Wakati watu wa Congo wakikatwa mikono kwa ajili ya mpira, jina la mfalme huyo lilikuwa linapamba karatasi za chuo kilichosema kinataka kuwainua Wakongomani.

Mwisho ulikuwa mbaya. Mwezi Desemba 1911 gazeti la London, John Bull, liliandika kwa kejeli na ubaguzi juu ya mwanafunzi mmoja aliyezaa na msichana wa mji. Hughes alilishtaki gazeti hilo, akashindwa mwaka 1912. Alifilisika na chuo kikafungwa. Alifariki mwaka 1924 katika nyumba ya maskini ya Conwy. Makaburi ya Old Colwyn ndiyo yaliyobaki kuwa ushahidi, kwa kuwa zaidi ya Kinkassa na Nkanza, wanafunzi wengine kadhaa nao wamezikwa hapo.

Mkongomani aliyetafuta mashahidi

Karne moja baadaye, watu mbalimbali walianza kuifungua tena historia hiyo. Waandishi wa Wales Christopher Draper na John Lawson-Reay walitoa mwaka 2012 kitabu kizima juu ya kashfa iliyoua chuo. Katika miaka hiyo hiyo, mwandishi wa habari Mkongomani anayeishi Newport, Norbert Mbu-Mputu, aliifuatilia kupitia shirika lake la South People's Projects.

Mradi wa shirika hilo uliitwa Bamonimambo. Kwa Kikongo neno hilo maana yake ni mashahidi, watu walioona mambo. Hata msomaji wa Kiswahili atalisikia neno «mambo» ndani yake. Mradi huo, uliosaidiwa na mfuko wa urithi unaotokana na bahati nasibu ya taifa, ulikusanya kumbukumbu za mambo yanayounganisha Congo na visiwa vya Uingereza: wamisionere, wasafiri, wanafunzi, wapinzani wa ukoloni, na Wakongomani wanaoishi Uingereza leo.

Kwa Wakongomani wa Cardiff, Newport na Swansea, matokeo yake si madogo. Mtoto aliyezaliwa huko, ambaye kila siku anaulizwa shuleni anatoka wapi, anaweza sasa kujibu kwamba watoto wa Congo walikuwa wanaishi Wales zaidi ya miaka 130 iliyopita, tena waliimba katika makanisa yake. Kwa Wawelshi nao, historia hiyo inaonyesha kwamba nchi yao ndogo ilikuwa sehemu ya yale yaliyotendeka Afrika.

Pwani moja, hadithi tatu

Kinachoshangaza ni jinsi sehemu moja ndogo ya kaskazini mwa Wales ilivyobeba hadithi nzima ya Congo ya Leopold.

Stanley mwenyewe alizaliwa Denbigh, mwaka 1841, kwa jina la John Rowlands. Hakulelewa na wazazi wake. Alikulia katika nyumba ya maskini ya St Asaph kabla ya kwenda Marekani na kubadili jina. Huyu ndiye aliyepita Maniema mwaka 1876 pamoja na Tippu Tip, na mwaka uliofuata akafika kwenye mdomo wa mto Congo. Baadaye alirudi kumfanyia kazi Leopold, akianzisha vituo na kutia mikataba na machifu. Ndiye ambaye jina lake lilipewa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, na Stanley Pool, yaani Pool Malebo.

Si mbali na hapo, katika kijiji cha Hawarden, aliishi Edmund Dene Morel. Alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool. Katika kazi yake aligundua kwamba meli zilikuwa zinafika Ubeleji zimejaa mpira na pembe za ndovu, lakini zilikuwa zinarudi Congo na bunduki na risasi badala ya bidhaa za kuwalipa watu. Alielewa kwamba nyuma ya biashara hiyo kulikuwa na kazi ya shuruti. Mwaka 1904 alianzisha chama cha kudai mageuzi Congo, na kelele za chama hicho zilichangia Leopold kunyang'anywa nchi hiyo mwaka 1908, ingawa ilipewa serikali ya Ubeleji na si wenyewe Wakongomani.

Mwalimu wa historia akitaka kuwaeleza wanafunzi wake jinsi Congo ilivyotekwa, jinsi Wakongomani walivyopelekwa ugenini, na jinsi uovu ulivyofichuliwa, anaweza kufanya hivyo kwa safari ya siku moja ya basi kati ya Denbigh, Colwyn Bay na Hawarden. Miradi ya historia ya jamii inahitaji kitu cha namna hiyo: mahali ambapo mtu anaweza kusimama na kuonyesha kwa kidole.

Pesa zinatoka wapi

Nchini Uingereza, sehemu ya pesa ya kila tiketi ya bahati nasibu ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1994, inatengwa kwa ajili ya mambo ya manufaa kwa wote. Katika fungu hilo, asilimia 20 huenda kwenye urithi: majengo ya zamani, makumbusho, mazingira, lakini pia kumbukumbu za watu, lugha na mila. Chombo kinachozigawa kinaitwa National Lottery Heritage Fund, ambacho kabla ya mwaka 2019 kilijulikana kama Heritage Lottery Fund.

Tangu mwanzoni mwa mwaka 2024 misaada ya mfuko huo imegawanywa katika ngazi mbili: kutoka pauni 10,000 hadi pauni 250,000, na kutoka pauni 250,000 hadi pauni milioni 10. Vikundi vya mtaa huomba kwenye ngazi ya kwanza. Vinavyotafuta kiasi kidogo zaidi, kwa mfano kwa ajili ya siku ya utamaduni au mafunzo ya lugha, hugonga mlango wa mfuko mwingine wa bahati nasibu, ule wa jamii.

Anayeomba lazima awe na shirika lisilotafuta faida, lenye katiba, viongozi wanaojulikana na akaunti ya benki. Lazima aeleze ni urithi gani anaotaka kuulinda, kwa nini uko katika hatari, nani atashiriki, na nini kitabaki baada ya pesa kuisha. Mfuko unauliza waziwazi kama mradi utawafikia watu ambao kwa kawaida wanaachwa nje. Katika Wales kuna sharti lingine: lazima mradi uonyeshe jinsi utakavyotumia lugha ya Kiwelshi, na gharama za kutafsiri zinaweza kuingizwa katika bajeti.

Sharti hilo la lugha lina uzito wake. Wawelshi wenyewe walipitia wakati ambapo watoto waliadhibiwa shuleni kwa kuongea lugha ya mama. Kwa hiyo mtu wa Bukavu au Uvira anayeishi Cardiff na anayetaka watoto wake wasipoteze Kiswahili hahitaji kueleza sana. Anazungumza na watu wanaojua maana ya kupoteza lugha.

Pesa zenyewe hazitolewi zote mara moja. Kikundi hupata sehemu ya kwanza, kikaonyesha jinsi kilivyoitumia, na sehemu ya mwisho hutoka baada ya ripoti. Kwa shirika kubwa hilo ni jambo la kawaida. Kwa kikundi cha wakimama watano wanaokutana kanisani jioni baada ya kazi, ni mzigo. Wengi wanajua historia lakini hawajui kujaza makaratasi. Mara nyingi wale wanaojua kuandika miradi ndio wanaopata, hata kama si wao wenye kumbukumbu.

Butetown, pale pesa zinapokatika

Mfano unaoeleza vizuri zaidi nguvu na udhaifu wa misaada hii uko Cardiff, katika mtaa wa bandari unaoitwa Butetown, ambao wengi huuita Tiger Bay.

Wakati makaa ya mawe ya Wales yalikuwa yanaendesha meli za dunia, mabaharia wa kila taifa walishukia hapo: Wasomali, Wayemeni, watu wa Afrika ya Magharibi, wa visiwa vya Karibea, wa Norway na Ureno. Inasemekana mataifa zaidi ya 50 yaliishi katika mtaa huo mdogo. Wengi walioa wanawake wa Wales wakazaa watoto. Mwezi Juni 1919, vita ya kwanza ya dunia ilipokwisha na kazi zikawa chache, makundi ya Wazungu yaliwashambulia Weusi na Waarabu wa mtaa huo. Watu watatu walikufa Cardiff.

Mwaka 1952 baharia Msomali wa mtaa huo, Mahmood Mattan, alinyongwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Mke wake na watoto wao walipigania jina lake kwa miaka 46, hadi mahakama ya rufaa ilipofuta hukumu hiyo mwaka 1998. Polisi ya Wales Kusini iliomba radhi mwaka 2022, wakati mke na watoto wake wote walikuwa wameshafariki.

Hadithi kama hizo hazikuwa katika vitabu vya shule. Zilikuwa vichwani mwa wazee. Kwa hiyo mwaka 1987 wakaaji na watafiti walianzisha kituo cha historia na sanaa cha Butetown. Waliwarekodi wazee, wakakusanya picha za familia, wakachapa vitabu na kufanya maonyesho. Kazi hiyo ilikuja kwa wakati, maana nyumba za zamani zilikuwa zimeshabomolewa katika miaka ya 1960 na bandari ilikuwa inageuzwa kuwa mtaa wa ofisi na hoteli.

Lakini kituo hicho kiliishi kwa misaada, na misaada ilipopungua, mwaka 2016 kilifunga milango. Karibu miaka 30 ya kazi ikabaki katika maboksi. Sauti za wazee waliokuwa wamekwisha kufa zingeweza kupotea kabisa.

Hazikupotea, kwa sababu kikundi kingine cha wakaaji, Heritage and Cultural Exchange, kilizichukua na kuanza kuziweka kwenye intaneti kwa msaada wa mfuko ule ule wa bahati nasibu. Ni faraja, lakini pia ni somo. Msaada unaweza kulipa vifaa vya kurekodi, usafiri na mtaalamu wa kuhifadhi. Ni nadra kulipa kodi ya nyumba na mshahara wa mlinzi wa kumbukumbu mwaka baada ya mwaka. Mradi una tarehe ya mwisho, na kumbukumbu haina.

Mwalimu Betty Campbell

Katika mtaa huo huo wa Butetown alizaliwa mwaka 1934 msichana ambaye leo ana sanamu katikati ya Cardiff. Betty Campbell alikuwa mtoto wa Mjamaika aliyekufa baharini katika vita ya pili ya dunia. Alikuwa hodari shuleni, akapata nafasi katika shule nzuri ya wasichana. Alipomwambia mwalimu wake kwamba anataka kuwa mwalimu, alijibiwa kwamba msichana Mweusi wa familia maskini hawezi kushinda vikwazo vitakavyomkuta. Alilia, lakini hakuacha.

Alikuwa tayari mke na mama alipoingia chuo cha ualimu mwaka 1960. Katika miaka ya 1970 akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Mount Stuart, Butetown, mwalimu mkuu wa kwanza Mweusi katika Wales nzima. Baada ya safari ya Marekani ambako alijifunza habari za Harriet Tubman na wengine waliopigana na utumwa, aliamua kwamba watoto wake hawatasubiri serikali. Alianza kuwafundisha utumwa, historia ya Weusi na ubaguzi wa Afrika Kusini, miaka mingi kabla ya sheria yoyote.

Alifariki mwaka 2017. Miaka miwili baadaye wananchi wa Wales walipiga kura kuchagua mwanamke wa kujengewa sanamu, wakamchagua yeye. Ilizinduliwa tarehe 29 Septemba 2021, ikiwa sanamu ya kwanza ya nje katika Wales ya mwanamke halisi anayetajwa kwa jina.

Kutoka mradi hadi sheria

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya mauaji ya George Floyd huko Marekani mwezi Mei 2020. Serikali ya Wales ilifanya mambo mawili. Kwanza iliunda kikosi kilichoongozwa na Gaynor Legall, naye ni mtoto wa Butetown, kuhesabu sanamu, majengo na majina ya barabara yanayohusiana na biashara ya watumwa na ukoloni. Ripoti ya Novemba 2020 ilihesabu zaidi ya 200.

Pili, ilimpa profesa Charlotte Williams kazi ya kuongoza kikundi juu ya masomo. Profesa huyo ni binti wa baba kutoka Guyana na mama wa Wales, na alikulia Llandudno, kilomita chache tu kutoka Colwyn Bay. Katika kitabu chake cha mwaka 2002, Sugar and Slate, aliandika juu ya wale vijana wa Congo waliozikwa karibu na kwao. Mtu aliyewahi kujiuliza kwa nini hakufundishwa habari zao akiwa mtoto ndiye aliyepewa nafasi ya kubadili kinachofundishwa.

Ripoti yake ya Machi 2021 ilitoa mapendekezo 51, na serikali ikayakubali yote. Tangu Septemba 2022, mtaala mpya wa Wales unawataka walimu wafundishe historia na michango ya watu Weusi na wa jamii nyingine zilizo wachache. Wales ndiyo nchi ya kwanza ya Uingereza kufanya hivyo. Walimu pia walianzishiwa mafunzo maalumu, kwa kuwa wengi wao hawakuwahi kufundishwa historia hiyo wakiwa wanafunzi.

Katika mtaala huo kuna neno la Kiwelshi, cynefin. Maana yake ni mahali ambapo mtu anajisikia yuko kwake, panapomjua na anapopajua. Kwa Kiswahili tungesema «kwetu». Mtoto huanza kujifunza historia ya kwao, halafu anatoka kwenda kwenye dunia. Hapa ndipo miradi midogo ya vikundi inakuwa na faida: mwalimu anayetakiwa kufundisha historia ya Weusi wa mji wake anahitaji picha, sauti na hadithi za mji huo, na hizo hazipatikani wizarani. Zinapatikana kwa watu waliozikusanya.

Kura ya Denbigh

Haina maana kwamba wote wamekubaliana. Mwaka 2011 mji wa Denbigh ulisimamisha sanamu ya shaba ya Stanley, mtoto wake maarufu. Baada ya mwaka 2020 sauti za kutaka iondolewe ziliongezeka, na mwezi Oktoba 2021 wakaaji waliitwa kupiga kura. Walijitokeza 592. Kati yao 471 walitaka sanamu ibaki, 121 walitaka iondoke. Imebaki.

Sanamu nyingine ya Stanley ilikuwa Kinshasa, juu ya mlima Ngaliema, ikitazama mto. Hiyo iliangushwa wakati wa Mobutu, katika miaka ya 1970. Mtu yule yule, nchi mbili, maamuzi mawili. Wanaoitetea ya Denbigh wanasema ni historia ya mji wao. Wanaoipinga wanauliza ni nani katika mji huo aliyefundishwa upande wa pili wa historia hiyo kabla ya kupiga kura. Swali hilo linarudi kwenye shule na kwenye miradi.

Na huku kwetu?

Shirika la Goma au Kindu haliwezi kuomba pesa za bahati nasibu ya Uingereza, kwa kuwa miradi lazima ifanyike huko. Wanaoweza kufaidika moja kwa moja ni vyama vya Wakongomani vilivyoandikishwa Wales na kwingineko Uingereza. Wengi wao wana ndugu huku, na mradi wa kumbukumbu unaweza kuanza kwa simu na mzee aliyebaki Fizi au Butembo.

Kwa Congo yenyewe njia ni nyingine. Nchi ilitia sahihi mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika, na mwezi Desemba 2021 rumba ya Congo zote mbili iliandikwa katika orodha ya dunia. Mkataba huo una mfuko ambao serikali inaweza kuutumia kuomba msaada kwa ajili ya kurekodi na kufundisha nyimbo, ufundi, hadithi na mila. Lakini lazima jamii zenyewe zishirikishwe, na lazima mtu awe amekwisha kuanza kuorodhesha kilichopo.

Kuna pia mali iliyo nje. Februari 2022 serikali ya Ubeleji ilikabidhi Kinshasa orodha ya vitu takriban 84,000 vya Congo vilivyo katika makumbusho ya Tervuren. Orodha inaonyesha kitu, mara nyingine inaonyesha kilikotoka. Maana yake, wimbo uliokifuata na jina la aliyekichonga, vinaweza kujulikana tu kwa kuuliza watu wa sehemu kilipotoka, kama bado wapo wanaokumbuka.

Katika mashariki ya Congo vita vimewafukuza watu kutoka vijijini mara nyingi, na kila uhamisho unaacha nyuma picha, daftari na wazee. Walichofanya watu wa Butetown mwaka 1987 hakikuanza na pauni 250,000. Kilianza na mashine ya kurekodi, kiti, na mzee aliyekubali kuzungumza. Leo simu ya mkononi inafanya kazi ya mashine hiyo. Wanaojua mambo haya wanashauri vitu vichache vya kuanzia: kuandika jina la anayeongea, mahali na tarehe; kumwomba ruhusa; kuweka nakala zaidi ya moja katika sehemu tofauti; na kumpa mwalimu wa shule ya karibu nakala moja.

Siku mfadhili atakapokuja, iwe ni UNESCO, ubalozi au chama cha Wakongomani wa Cardiff, atauliza kwanza kuna nini cha kuhifadhi. Kikundi chenye sauti za wazee 20 zilizoandikwa vizuri kitakuwa na jibu.